Kisa cha Chungwa na Miezi Mitupu

Sogeeni, wanangu. Kisa cha leo ni cha chungwa, na nitakianzia Feri, hapa Mombasa, maana hapo mtu hukiona kikipita mbele ya macho yake.

Simama upande wa kisiwani ukingoja feri ya kwenda Likoni. Majini utaziona meli kubwa zikiingia na kutoka bandari ya Kilindini, na feri zetu zikizipisha. Kati ya makontena yaliyopangwa juu ya meli hizo, tafuta yale yenye mashine kwenye uso wa upande mmoja. Hayo ni makontena ya baridi. Mengi ya yanayotoka yamebeba maparachichi ya Murang'a na nyanda nyingine za juu, yanakwenda Ulaya. Sasa geuka utazame barabarani. Kuna mikokoteni na meza za machungwa, na mengi ya machungwa hayo yamevuka mpaka. Yamechumwa Muheza, mkoani Tanga, yakapitia Horohoro na Lungalunga yakiwa yamemwagwa ndani ya lori bila sanduku. Siku hizi malori mengi huzungukia barabara ya Dongo Kundu, lakini matunda hayajaacha kufika Feri.

Basi parachichi linatoka na chungwa linaingia. Mbona chungwa la Pwani halipandi meli ile? Jua tunalo, mvua tunayo, bahari iko mlangoni. Kulijibu swali hilo kunahitaji tuzunguke kidogo, na tutaanza na watu wa zamani.

Mti huu si mgeni hapa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba nafaka ililetwa kisiwani kutoka bara, lakini miti ya matunda ilikuwapo: migomba, milimau, na mti mwingine wa jamii hiyo hiyo wenye tunda la ganda nene. Miaka 167 baadaye, mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Mreno Vasco da Gama zikatia nanga nje ya mji wetu. Mmoja wa mabaharia alikuwa akiandika shajara ya safari. Ametuachia habari kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa.

Hebu wafikirieni wale mabaharia. Walikuwa wameizunguka Afrika nzima kwa upande wa kusini, wakila biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Miezi michache kabla ya kufika kwetu, miguu na mikono yao ilivimba, na ufizi ukaota juu ya meno hata wasiweze kutafuna. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Huja mtu akikaa muda mrefu bila vitamini C, na vitamini C imo kwa wingi ndani ya chungwa, limau na ndimu. Mwandishi wa shajara aliandika kwamba wagonjwa wao walipata nafuu Mombasa, na sifa akaipa hewa nzuri ya mji. Leo tunajua kwamba kiseyeye hakiponywi na hewa.

Wageni hao hawakuelewana na wenyeji wa Mombasa, wakaondoka kwa uhasama. Lakini tazameni yaliyowapata waliporudi kutoka India. Kuvuka bahari kuliwachukua karibu miezi mitatu, kiseyeye kikarudi, na watu 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi, Januari 1499, kitu walichokitamani wagonjwa kuliko vyote kilikuwa machungwa. Waliletewa kesho yake, lakini wengi walikuwa wamechelewa, wakafia hapo hapo. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Wakaichoma moja, São Rafael, kusini mwa Mombasa, wakaenda zao na zilizosalia.

Ilipita zaidi ya miaka 200 kabla ya tabibu mmoja wa jeshi la maji la Uingereza, James Lind, kulipima jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 1747 aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mfalme wa Mombasa alikuwa amewatuma watumishi wake na matunda hayo hayo tangu 1498, kama zawadi ya kumpokea mgeni.

Sasa tuje kwenye biashara, na hapa nataka mnisikilize kwa makini.

Chungwa lina miezi yake. Hispania, ambayo ndiyo inayouza nje machungwa na jamaa zake kuliko nchi nyingine yoyote, huvuna kuanzia Novemba hivi hadi karibu Mei. Misri nayo huvuna wakati wa baridi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mashamba ya kaskazini hayana tunda jipya la kutosha. Hiyo ndiyo miezi mitupu. Lakini mtoto wa Rotterdam au wa London hataki kujua habari za miezi. Asubuhi anataka maji ya machungwa mwezi wa Agosti kama alivyoyataka mwezi wa Januari, na mama yake yuko tayari kuyalipia.

Dunia, kama mlivyofundishwa shuleni, imeinama. Kaskazini kukiwa na joto, kusini kuna baridi, kwa hiyo mchungwa wa kusini huiva wakati wa kaskazini umepumzika. Watu wa Afrika Kusini waliliona hilo zamani. Huvuna Limpopo na majimbo mengine, wakapakia Durban na bandari nyingine, na matunda yao yakafika Ulaya wakati meza ni tupu. Leo ni wa pili duniani kwa kuuza nje, nyuma ya Hispania. Mwaka 2023 walisafirisha zaidi ya katoni milioni 160, kila moja ya kilo 15. Mtu wa Ulaya anayenunua chungwa la Limpopo mwezi wa Agosti analipia tunda, na analipia mwezi pia.

Mabibi wa Mji wa Kale walikuwa na njia yao ya kuivuka miezi mitupu kabla friji haijafika mjini. Ndimu zikijaa sokoni na bei ikaanguka, huzinunua nyingi, huzitia chumvi, huzianika juani na kuzifunga kwenye chupa. Achari hiyo huliwa na wali miezi ambayo ndimu imeadimika. Waomani nao huzichemsha ndimu kwa maji ya chumvi na kuzikausha mpaka zikawa nyeusi na nyepesi, zikakaa mwaka mzima. Hata parachichi lina mambo haya haya: kila mwisho wa mwaka serikali ya Kenya hufunga usafirishaji wa baharini, kwa sababu matunda wakati huo ni machanga, na tajiri mmoja mwenye haraka anaweza kuwaharibia jina wakulima wote.

Sisi huku karibu na mstari wa ikweta hatuna baridi wala joto la kupokezana. Mchungwa wetu husikiliza mvua. Ukikaa kiangazi bila maji, hujizuia. Mvua ikinyesha, hutoa maua. Kwa kuwa tuna masika na vuli, hupata nafasi ya kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kutoka ua hadi tunda lililoiva hupita miezi saba, minane, hata zaidi. Kule Muheza msimu mkubwa huanza Mei hivi ukaendelea hadi Agosti. Hesabuni wenyewe. Sehemu yake kubwa iko ndani ya miezi mitupu ya Ulaya. Kwa upande wa kalenda hatukosi kitu.

Basi twende tukalitazame tunda lenyewe. Nunua chungwa moja pale Feri, lakini usimruhusu muuzaji alimenye kwanza. Lishike. La kwanza utakaloliona ni rangi: ni la kijani, pengine lina madoa ya manjano tu, na ukilionja ni tamu kama sukari. Mgeni wa Ulaya angelirudisha akidhani ni bichi. Sababu ni usiku wetu. Ganda la chungwa huacha ukijani wake pale usiku unapoingia baridi, na usiku wa Pwani ni wa joto. Ndani limeiva, nje limebaki na shati lake la zamani. Wauzaji wakubwa wa ng'ambo huyaweka machungwa ya namna hiyo katika chumba chenye hewa ya ethilini kwa siku chache, ganda likageuka rangi. Utamu hauongezeki hata chembe, maana chungwa, tofauti na embe na ndizi, halizidi kuiva likishakatwa mtini. Mkulima anayechuma bichi kwa kufuata bei ya mapema amekwisha kuuza tunda baya, na hakuna friji itakayolitengeneza.

Tazama tena, pale juu tunda lilipokuwa limeshikana na tawi. Kama kuna kitundu kilichochanika, ujue lilivutwa kwa mkono. Hapo ndipo ukungu huingilia. Kwa soko la Kongowea si neno, litaliwa kesho au keshokutwa. Lakini tunda la kwenda ng'ambo hukatwa kwa mkasi, kikonyo kikaachwa kifupi sana ili kisichome tunda la jirani. Halitupwi, huwekwa. Huoshwa, hupakwa nta nyembamba badala ya ile ya asili iliyotoka kwenye maji, huchaguliwa kwa ukubwa, kisha huingia kwenye katoni. Lile lori la Muheza lililojaa hadi juu, vijana wamekalia mzigo, haliwezi kuwa mwanzo wa safari ya Rotterdam. Machungwa ya chini yamekwisha kubanwa kabla hayajafika Lungalunga.

Sasa mpe muuzaji kisu chake. Atalizungusha chungwa mkononi, ganda la juu litatoka kwa utepe mmoja mrefu, na utaona moshi mdogo wa mafuta ukiruka. Mafuta hayo ndiyo sehemu kubwa ya harufu ya chungwa. Ganda likigongwa njiani, vifuko vya mafuta hupasuka na kuacha doa la kahawia. Mnunuzi wa mbali hulitazama doa hilo kuliko tunda zima.

Baada ya mkasi na sanduku, baridi. Tunda lililokatwa bado linapumua, na kadiri linavyopata joto ndivyo linavyopumua upesi na kuchakaa. Chungwa hupenda kusafiri katika nyuzi chache juu ya sifuri. Ndimu na balungi haziwezi baridi hiyo, maganda yake hufanya vishimo. Zinataka nyuzi 10 hivi. Na baridi lazima ianze shambani, siku ile ile ya kuchuma, isikatike mpaka dukani. Tena safari ilirefuka. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kuongeza kama wiki mbili. Maparachichi ya Murang'a yanayoondoka mbele ya Feri yakapitia njia ile ile aliyojia Vasco da Gama, ila safari yao imejaa baridi na vipimajoto.

Mkasi hununuliwa, na chumba cha baridi hujengwa. Nilichowaitia hasa ni wadudu, kwa sababu hapo ndipo chungwa la Pwani limekwama.

Yupo nondo mmoja mdogo, mwenyeji wa Afrika, anayetaga yai juu ya ganda. Kiwavi wake hupenya ndani akala, na kwa nje huoni ila nukta. Ulaya hawana mdudu huyo na hawamtaki. Kuanzia mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamuru machungwa yanayotoka katika nchi zenye nondo huyo yapitishwe kwenye baridi kali, karibu na nyuzi sifuri, kwa siku nyingi mfululizo, ili kiwavi afe. Afrika Kusini imelalamika mpaka Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2024, ikisema masharti yamezidi. Kama wao wenye vyumba vya baridi kila bandari wanalia, mkulima wa Kwale mwenye michungwa 40 afanye nini peke yake?

Halafu kuna nzi wa matunda kutoka Asia. Mwaka 2003 wataalamu walimkuta hapa hapa Pwani ya Kenya, kisha akaenea karibu Afrika nzima. Hupenda embe, na chungwa halimpiti. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, kwa sababu mizigo ilikuwa ikikutwa na funza wake. Miaka saba ilipita. Wakulima, Makueni hasa, walifundishwa kutega mitego, kuokota kila tunda lililoanguka na kulizika au kulifungia, na mwaka 2021 maembe yakaanza kwenda tena. Mimi huona hiyo ni moja ya habari njema kubwa za kilimo chetu, na inanisikitisha kwamba haisimuliwi. Shamba moja safi lisingefaa kitu; ilibidi majirani wote wakubaliane, maana nzi hajui mpaka wa shamba.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi. Kwa miongo mingi michungwa ya nyanda za juu za Kenya imekuwa ikiuawa na ugonjwa unaogeuza majani manjano, tunda likabaki dogo, limepinda na chungu. Hauna dawa, mti hung'olewa. Ugonjwa wa huko juu huchukuliwa na kidudu kinachopenda baridi, kwa hiyo joto la Pwani lilitulinda. Lakini Asia kuna ndugu yake, urefu wake milimita 3 au 4, anayefyonza majani machanga huku ameinua mkia juu, naye joto halimsumbui. Ndiye aliyeeneza ugonjwa kama huo Florida, Marekani. Uligunduliwa huko mwaka 2005, na tangu hapo mavuno ya machungwa yamepungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Watu waliorithi mashamba kutoka kwa babu zao wameyauza viwanja. Mwaka 2016 kidudu hicho kilikutwa Kwale. Ni ng'ambo tu ya kivuko chetu, wanangu.

Hebu niwaambie jinsi kinavyosafiri, maana hakina nguvu ya kuruka mbali. Husafiri kwenye miche. Mtu anampenda binamu yake wa mbali, anamletea mche wa mchungwa kwenye kikopo, au tawi la mkaripata, ule wa majani ya mchuzi, ambao ni jamaa wa mchungwa na kidudu huupenda sana. Mche unapanda matatu, unavuka Feri miguuni pa mama aliyekaa na kapu lake, na hakuna aliyefanya jambo kwa nia mbaya. Mdudu akipata shina moja jipya, amepata kijiji.

Ndiyo maana chungwa letu halipandi meli ile. Si kwamba halina utamu, wala kwamba bahari ni mbali. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, hawezi kutia sahihi cheti cha afya ya mimea kwa tunda ambalo shamba lake halijulikani, limechanganywa na matunda ya mashamba 20 ndani ya lori moja, na miti yake ilitoka kwenye miche isiyo na asili. Mnunuzi wa ng'ambo anataka kuifuata katoni nyuma mpaka mti wake. Kazi hiyo huanza miaka minne au mitano kabla ya tunda la kwanza, siku ya kupanda mche.

Nyinyi mnaweza kuianza. Nyumbani kukipandwa mchungwa, mndimu au mchenza, waambieni wazee wanunue mche uliobebeshwa kwenye kitalu kilichokaguliwa. Vituo vya utafiti wa kilimo vya KALRO viko Mtwapa na Matuga, si mbali. Msivushe mche wala tawi la jamii ya mchungwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, hata likiwa zawadi. Okoteni matunda yaliyoanguka, mzike yenye funza. Na mkiona kwenye majani machanga vidudu vidogo vilivyoinua mkia juu, msivipuuze: mwiteni afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.